Nusu Ukurasa

Masinjisa ameviweka vitatu juu ya gunia
mbele ya kibanda chake pale Sabasaba,
akavifuta vumbi kwa kiganja, akasema: chagua.
Upepo wa Agosti ukanitangulia kufungua kurasa.

Mkobani nina barua ya mwaliko:
wiki mbili Makedonia Kaskazini, kujifunza kupogoa mizabibu,
na baada yake siku tisa zisizo na mwenyewe
ila mimi.
Albania. Kosovo. Montenegro.
Nayatamka polepole,
kama mtu anayeonja maji ya kisima cha ugenini
asijue kama yana chumvi.

Cha kwanza kinene kama tofali la kuchoma.
Kiliandikwa nchi zile zikiwa bado nchi moja.
Mipaka haimo. Sarafu yake ilishakufa.
Yuko aliyezungushia kijiji fulani duara la penseli,
pembeni akaandika 41, basi.
Nyumba? Umri? Nauli?
Masinjisa anadai kiliachwa na mhandisi wa visima
aliyeondoka na deni la maziwa la miezi miwili.
"Lilikuwa deni la baba yangu," anasema, "kwa hiyo kitabu ni changu."

Cha pili kinang'aa, kina picha kuliko maneno.
Kila mji humo ni lulu iliyofichika.
Imefichwa na nani?
Nyuma ya mnara naona kamba,
na kwenye kamba shuka mbili na soksi za mtoto.
Wenyewe hawajajificha. Wameanika nguo.

Cha tatu chembamba, jalada limechanika,
lakini kina saa za mabasi, bei ya choo cha stendi,
na ramani isiyokulazimisha kukodoa macho.
Mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta pesa
nilipoiona nembo mgongoni.
"Hawa hawa waliandika na cha kwetu. Unacho?"
Akainama chini ya meza, akapiga chafya, akakitoa.

Nikakipekua. Arusha, kurasa arobaini.
Zanzibar, sikuhesabu.
Dodoma, nusu ukurasa:
*Mji wa kupitia. Hakuna cha kuona.
Ukilazimika, lala usiku mmoja.*
Na hoteli waliyoisifia siku hizi ni ofisi ya bima.

Nilisimama pale na nusu ukurasa wangu mkononi.
Sikukasirika, nadhani. Nilikuwa nahesabu tu:
mizabibu yetu inayozaa mara mbili kwa mwaka,
bwawa la Hombolo asubuhi likiwa na rangi ya chai ya maziwa,
zeze la mjomba Chilongani lililopona mafuriko
kwa sababu alilala nalo juu ya paa,
mishikaki ya Majengo, ambayo sitaieleza, nina njaa.

Kisha nikarudi kwenye kile chembamba,
nikamfuata Podgorica kwa kidole.
Nusu ukurasa.
*Mji wa kupitia. Badilisha basi.*
Nikacheka hadi muuza vitumbua akageuka.

Nimekinunua, elfu nane, kwa ajili ya saa za mabasi.
Kwenye saa sitabishana nao.
Lakini kati ya siku zangu tisa
Podgorica nimeipa nne.
Lazima yuko mtu pale mwenye zeze lake, liwe la namna yoyote,
ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lilivyopona.

Kabla ya kuondoka niliazima kalamu ya Masinjisa,
nikaandika kwenye ukurasa wetu, ile nusu iliyobaki:
*Si kweli. Njoo Mpunguzi, uliza Nyemo wa zabibu,
ukipita mashine ya kusaga, mkono wa kushoto.*

Masinjisa akasoma, akatikisa kichwa,
akachukua kipande cha kaboni
akaongeza elfu moja kwenye bei.